Injini ya Mtumba na Sikio la Dada Raya

Mdogo wangu Sefu,

Gari imewaka. Nimeona nikwambie wewe kwanza, kama ulivyokuwa ukiniambia mimi kila Ijumaa, ila safari hii mimi ndiye niliye bandani na wewe ndiye uliye mbali.

Nimekaa barazani kwako, hapa Ziwani, kwenye ile meza yako ndogo uliyoifunga mguu kwa waya. Mkeo Zuhura kaniwekea chai na kaniacha peke yangu. Kutoka hapa naliona kaburi lako, upande wa pili wa mikarafuu. Udongo umeshashikana na majani yameota. Sikuwahi kukuzika, Sefu. Habari ilinifikia Cardiff, kule Uingereza, kwa simu, na ulipokuwa ukiswaliwa mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, koti begani, sijui pa kwenda.

Unaikumbuka siku gari ile ilipoingia kijijini? Yule mhandisi wa kigeni aliyesimamia ujenzi wa njia ya Wete aliniachia alipomaliza mkataba, kwa kuwa nilimfundisha Kiswahili jioni baada ya jioni, na kwa kuwa kuirudisha kwao kungemsumbua. Gari ya mbio, milango miwili, imelala chini karibu kugusa ardhi. Huku kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama kile. Dada Raya alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaizunguka mara moja.

"Hino gari au chura?"

Ukacheka hadi ukakaa chini mchangani. Jina likabaki hilo hilo, Chura. Dada alikataa kupanda. Alisema yeye aliyetulea tangu mama alipofariki hastahili kukalishwa chini kama anayefua nguo. Lakini sauti yake aliipenda. Chura alikuwa na sauti yake pekee, kwanza akikohoa kidogo, mfano wa mzee anayesafisha koo kabla ya kuadhini, kisha akinguruma. Nikikunja kona ya mnazi mkubwa, Dada alikuwa tayari ameshapakua. "Nimemsikia Hamadi," alikuwa akisema, na mimi hata sijafika.

Mambo ya siasa yalipoharibika nikalazimika kuondoka, wewe ndiye uliyenisindikiza. Nilikupa ufunguo nikakwambia uiendeshe, iwe yako. Ukaufumbata mkononi, ukatikisa kichwa.

"N'taiweka kama amana, kaka. Utaikuta kama ulivyoiacha."

Nilidhani ni maneno tu, ya kumliwaza anayesafiri. Sikujua kuwa ulikuwa unajifunga.

Muscat kwanza, kisha Cardiff, mji wa mvua nyembamba isiyokwisha. Huko niliota mvi, nikasoma vitabu vyote ambavyo hapa nisingevipata, nikazika mke. Jambo moja halikubadilika. Kila Ijumaa ukitoka msikitini uliiwasha gari bandani, hujaisogeza hata hatua, ukaiacha ingurume kisha ukaizima. Simu za mkononi zilipokuja, ukawa unanipigia na kuiweka simu karibu na injini. Mimi nasimama dirishani, mvua nje, naisikiliza Pemba ikikohoa. Halafu nyuma yake sauti ya Dada: "Hamadi huyo!" Nawe ukimjibu, "Bado, dada. Yuko njiani."

Baadaye ulianza kuniambia tu. "Leo nimeiwasha, iko salama." Nikikuomba uniwekee simu niisikie, ulisema simu mpya hii haichukui sauti vizuri. Nilikuamini. Kwa nini nisikuamini?

Nilirudi baada ya wewe kuondoka. Niliposhuka kwenye teksi, Zuhura alinipokea kwa kilio, na Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Macho yake yamebaki na mwanga kidogo tu, na akili yake inakwenda na kurudi. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Hamadi."

Alinipapasa uso kwa utulivu, kama anayechagua embe sokoni. Kisha akaurudisha mkono wake.

"Usinifanyie mzaha, baba. Hamadi ana gari yake. Akija n'tamsikia."

Zuhura aliapa, majirani wakaapa, nikamkumbusha mambo ya utotoni ambayo hakuna mwengine angeyajua. Alisikiliza kwa adabu zote. Akamuuliza Zuhura kama mgeni ameshakula. Wewe umekwenda, waliotujua tungali watoto wote wamekwenda, na katika kisiwa hiki kizima amebaki mtu mmoja tu anayeweza kusema mimi ni nani. Na yeye anangoja sauti ya gari. Basi nikajua nimekuja kufanya nini.

Tulilifungua banda. Harufu ya karafuu ilitoka kwanza, kisha ya panya. Ulikuwa umemzungushia Chura magunia na majamvi mazee, ukamfunika turubai, ukampandisha juu ya mawe matairi yasioze. Panya walikuwa wamekula viti hadi kwenye chuma, lakini vioo ulivifuta.

Nilimwita Fundi Makame wa Gombani, mtu mnene mwenye maneno mengi, anayeimba akiwa amelala chini ya gari. Alifungua boneti, akaacha kuimba.

"Mzee Hamadi, hii ikitiwa maji gani?"

Zuhura ndiye aliyejibu. "Ya kisima cha baba yao."

Kisima chetu, Sefu. Kile chenye ladha ya chumvi ambayo sisi hatukuijua kuwa ni chumvi mpaka tulipokwenda kunywa maji ya watu wengine. Maji ya mfereji yalipofika kijijini, Zuhura alikushauri uyatie hayo kwenye rejeta. Ukamwambia maji yaliyotulea sisi hayawezi kuiua gari ya Hamadi. Kila Ijumaa ulichota ndoo, ukasoma Bismillahi, ukajaza. Chumvi ikaila injini kutoka ndani, polepole, wiki baada ya wiki, kwa mkono wa aliyeipenda kuliko wote. Makame aligonga bloku ya injini kwa spana ikamwagika kutu kama unga wa mtama.

"Hii haijawaka siku nyingi," alisema. "Miaka, yakhe. Pistoni zimegandana na ukuta."

Miaka! Na wewe ukiniambia, leo nimeiwasha, iko salama. Nilikukasirikia wakati ule, nisikufiche. Nilikwenda hadi kaburini nikiwa na hasira, na nilipofika nikakusomea Fatiha.

Jioni Zuhura akanieleza lililobaki. Kwamba ilipokataa kuwaka uliendelea kwenda bandani kila Ijumaa, ukakaa ndani yake, mlango umefungwa, ukatoka na kumwambia Dada gari iko salama. Kwamba hata yeye alipokuwa na uchungu wa mtoto wenu wa mwisho, Chura akiwa bado mzima, ulikwenda kukodi gari kwa watu, kwani amana haiendeshwi. Na kwamba wewe mwenyewe ulipoanguka shambani, ulipelekwa hospitali ya Chake kwa bodaboda, umefungwa kwa kanga mgongoni mwa dereva usianguke, ukapita mbele ya banda. "Alilitazama," Zuhura alisema. "Alilitazama tu."

Makame aliikokota gari hadi gereji yake Gombani, akapata injini ya mtumba huko Dar es Salaam, ikavushwa hadi Unguja na kisha Mkoani kwa meli. Ilitoka kwenye gari ndogo ya familia iliyogongwa. Nilipoiona imekaa kwenye ubao, ina mafuta meusi na kipande cha jina la mtu kilichoandikwa kwa rangi, niliona haya, kana kwamba nimenunua nguo za maiti. Haikuingia sawasawa. Makame alikata vishikio, akachomelea vipya, akahamisha rejeta, akatengeneza upya sehemu ya giaboksi. Nilikwenda Gombani kila asubuhi nikakaa kwenye kigoda chake.

"Nataka sauti ile ile, fundi," nilimwambia.

"Mie fundi wa gari, mzee wangu, si mganga."

"Ilikuwa ikikohoa kwanza."

"Hii ikikohoa utanirudishia uniambie mbovu!" Vijana wa gereji wakacheka. Makame alipoona mimi sikucheka, akafuta mikono. "Nisikilize. N'takata bomba la moshi, n'takuongezea mngurumo. Lakini sauti ya injini imo ndani ya injini. Ile ya kwanza imekufa na mwenyewe."

Hakujua amesema nini.

Alilikata bomba. Alijaribu hiki na kile, akaniita, "Je, hapo?" nami nikafumba macho nikisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri. Ilikuwa sauti ya gari ya mtu mwengine. Mara moja tu, asubuhi ya mawingu, injini ikiwa baridi, ilikwama kidogo kabla ya kushika, nami nikafumbua macho. Nilijiambia, hivyo hivyo, na kwa masikio ya uzee, huenda ikatosha.

Nikaiendesha mwenyewe kutoka Gombani. Watu walisimama kuitazama, watoto wakapiga kelele. Nilipunguza kwenye kona ya mnazi mkubwa, ambao haupo tena, nikakanyaga mafuta kama zamani, nikaingia uani.

Dada alikuwa amekaa mahali pake. Alinyanyua kichwa. Tasbihi ilisimama. Nakwambia, Sefu, kwa kitambo kidogo nilimwona akiitafuta sauti ile, amekaza uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikazima injini.

"Zuhura, gari ya nani?"

"Chura, dada. Hamadi kaja."

Alitikisa kichwa taratibu. "Chura namjua mie. Huyu siye. Huyo mgeni. Mkaribishe ndani, mpe chai, usimwache juani."

Nikashuka. Nikakaa pembeni ya mkeka wake, nikapokea kikombe kutoka kwa Zuhura, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Umetoka mbali, baba?" Dada aliniuliza.

"Mbali, dada."

"Huko ulikotoka, hukukutana na Hamadi wetu?"

Ningeweza kuanza upya kuapa. Nilimtazama Zuhura, nikautazama mlango wa banda ulio wazi, na hapo ndipo nilipokuelewa, wewe uliyekaa kwenye gari iliyokufa ukatoka na kusema iko salama.

"Nimekutana naye," nilisema. "Hajambo. Amezeeka."

"Yuaja?"

"Yuko njiani."

Akashusha pumzi, tasbihi ikaanza tena kwenda. "Mwambie asiikimbize gari. Hapo pa kuingilia pana shimo."

Nimemwahidi nitamwambia.

Injini yako ya zamani nimeitoa gereji nikaiweka nyuma ya kisima. Sikuweza kuiuza chuma chakavu. Rejeta naijaza maji ya mfereji. Sina hasira nawe tena, ila natamani ungeniambia. Tungekuwa wawili wa kudanganya, na mzigo ungekuwa mwepesi kwa kila mmoja.

Sijui nitakaa muda gani. Cardiff hakuna anayeningoja, na hapa ninangojwa kila siku na mtu anayenipa chai. Ijumaa nikitoka msikitini nakwenda bandani, naiwasha gari, siisogezi, naiacha ingurume kidogo kama ulivyokuwa ukifanya ili Dada ajue niko karibu. Inawaka mara moja, bila kukohoa. Na kila inapowaka namsikia kutoka barazani akimwita Zuhura:

"Mgeni anaondoka. Mfungie karafuu kidogo za njiani."

Nimeshapata vifurushi kadhaa. Naviweka kwenye kiti cha abiria, pahala pako.

Mungu akulaze pema, mtunza amana yangu.

Kaka yako,
Hamadi, niliyerudi