Nani Analegeza Nati ya Tela

Mpanda,
Jumapili jioni

Kaka Gaudensi mpendwa,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Tereza na watoto, na nyuki wako huko Inyonga wawe wamekubali kuingia kwenye mizinga mipya. Sisi huku tupo. Nikisema tu wazima kabisa nitakuwa nakudanganya, na wewe uongo wangu unaujua tangu utotoni. Mvua za mwisho bado zinatusumbua, mpunga wa kwanza wa Mwamkulu umeanza kutoka, na barabara ni tope tupu.

Najua utacheka, dada yako anaandika barua wakati kila mtu ana simu. Lakini huko kwako mtandao unakuja ukijisikia, na humu ndani ukishika simu tu Getrude anapunguza redio asikilize. Bahasha nitampa kondakta wa basi la Inyonga, nitaigundisha mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa niambie.

Unakumbuka shemeji yako Fredrick alileta tela ili pikapu ibebe magunia mengi kwa safari moja. Aliyefunga ile boli ya nyuma ni Nestori. Ni boli nene yenye kichwa cha mviringo, tela linaivaa kama kofia, na chini yake kuna nati kubwa inayoishikilia. Nati ikilegea boli inaanza kucheza, ikicheza sana inang'oka, na tela linaenda linakotaka na mzigo wake. Kwa hiyo Nestori alipaka mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha gari. Mstari ukinyooka, safari. Ukikatika, ujue nati imezunguka, kaza kwanza.

Nestori unamfahamu, yule kijana wa Katumba anayechomelea vyuma Kashaulili, aliyemposa mdogo wetu Getrude. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa. Mashine yake ya kuchomelea alikuwa anailaza kwenye stoo yetu, kila alfajiri anakuja kuichukua. Nilimpenda, kaka, sikatai. Lakini mimi nikishaanza kumtilia mtu shaka, hata chumvi akiniletea naionja kwanza.

Mvua zilipoanza, wezi walipita mtaani kwetu wakachukua betri na matairi ya watu. Nikamwambia Fredrick asilaze tena pikapu ikiangalia nyumba, airudishe kinyumenyume, mkia uje chini ya dirisha langu. Akasema ningefaa kuwa mgambo, ila akafanya. Basi haikupita muda, nati ikaanza kulegea. Fredrick anaikaza jioni mimi nikiwa nimesimama pale pale na tochi, mstari unanyooka, asubuhi tunakuta umekatika. Siku nyingine tunakuta uko sawa. Fredrick akasema labda ni mashimo ya barabara. Nikamuuliza gari limelala uani, hilo shimo limeingia kwa geti gani?

Hapo nikaanza kuwahesabu watu wa nyumba hii mmoja mmoja kichwani. Nikakumbuka kwamba Siméon, kaka yake Nestori, naye anasomba mpunga wa Mwamkulu, na sisi tukikwama wateja wanaenda kwake. Alfajiri mimi huwa niko jikoni, nyuma ya nyumba, uani sipaoni. Siku moja nikaacha uji jikoni, nikazunguka kimya kimya. Nikamkuta Nestori amelala chali chini ya mkia wa pikapu, spana mkononi.

Nilimuuliza anafanya nini. Akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akautazama mlango wa chumba cha Baba, akasema alikuwa anaangalia tu. Nikamuuliza anaangalia kwa spana? Akanyamaza. Kaka, mtu asiye na kosa hunyamaza? Niliitoa mashine yake stoo kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwambia asikanyage tena hapa, na harusi asahau. Getrude alilia mpaka akapoteza sauti. Mimi sikuishia hapo, nikalipeleka mpaka kwenye jumuiya, nikasema mbele ya kina mama wote kwamba tumenusurika kumwoza binti yetu kwa mtu aliyetaka kutuua.

Safari iliyofuata tu, boli iling'oka. Fredrick alitoka alfajiri haraka haraka, tope limeufunika ule mstari, naye nati alikuwa ameikaza jana yake jioni, kwa hiyo hakuinama. Walipakia Mwamkulu, wakawa wanarudi. Kwenye mteremko tela likachomoka, mnyororo wa usalama ukakatika, likapinduka kwenye mtaro. Doto, mpakiaji wetu, alikuwa amekaa juu ya magunia. Amevunjika paja. Yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini bado yuko hospitali na mguu umening'inizwa. Baba ndiye anayempelekea uji kila siku, kwa miguu, hataki kusaidiwa.

Mimi nikasema mnaona sasa, Nestori amelipiza. Hakuna aliyenibishia. Tukafungiwa boli mpya na fundi mwingine, nikanunua kufuli la geti, ufunguo ukawa unalala shingoni kwangu. Na nati ikalegea tena.

Kaka, nilikaa chini pale pale uani. Nestori hayupo, geti limefungwa. Nilimshuku Getrude kwamba anatukomoa kwa ajili ya mchumba wake. Nilimshuku hata Fredrick, baba wa watoto wangu, Mungu anisamehe. Jana alfajiri nikawasha moto jikoni ili moshi uonekane, mimi nikaenda kusimama nyuma ya stoo.

Aliyetoka ni Baba.

Alipiga magoti kwenye tope kwa taabu, akapapasa mpaka akaipata nati kwa vidole, maana yale macho yake unayajua. Akaiweka spana, akausukuma mkono wa spana kuelekea barabara ya Sitalike. Midomo yake ilikuwa inatembea, nikajua anasali. Nikamsogelea, nikamuuliza taratibu anafanya nini. Akasema anakaza.

Kumbe tangu tela liingie hapa nyumbani mzee hana raha. Alimwomba Fredrick amwonyeshe na yeye namna ya kusaidia, na Fredrick, ili tu atulie, akamwambia asukume mkono wa spana upande wa Sitalike mpaka ukatae. Fredrick akasahau siku hiyo hiyo. Baba hakusahau. Na unajua kwa Baba hakuna kulia wala kushoto, hata bakuli la mboga atakwambia ulisogeze upande wa Sitalike. Wakati ule pikapu ililala ikiangalia nyumba, na kweli alikuwa anakaza. Tangu mimi niamuru igeuzwe, Sitalike ikawa upande wa kufungua. Akaniambia siku hizi nati haikatai kama zamani, kwa hiyo anasukuma mpaka mkono unachoka.

Sikumwambia kitu. Nilivaa kanga, nikapanda bodaboda mpaka Katumba. Nestori hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Alikuwa anajua, kaka. Alimwona Baba zamani, na kila alfajiri mzee akisharudi kulala, yeye alikuwa anairudisha nati mpaka mstari unyooke. Siku alizochelewa ndizo tulizokuta imelegea. Na siku nilipomfukuza, hakukuwa na wa kuirudisha.

Nilimkaripia, hata katika aibu ile nilimkaripia. Kwa nini hakumwambia hata Fredrick? Akasema Fredrick angecheka, angelisema mbele za watu, na mzee angejua limetoka kwa nani. Alidhani ataweza kulibeba mpaka harusi ipite, halafu angemwomba Fredrick ageuze gari. Na nilipomfukuza, alitegemea ule mstari wake utatuonya kabla ya safari. Alisema:

"Dada Dina, mkwe hawezi kumwambia baba mkwe kwamba amekosea. Afadhali mniite mwuaji."

Akaniomba mzee asiambiwe kamwe. Yeye anaondoka Ijumaa kwenda kutafuta kazi Tunduma, na watu wakishamsahau basi yameisha. Kaka, nilirudi njia nzima nikilia mbele ya dereva wa bodaboda nisiyemjua. Kumsafisha Nestori ni kumtaja Baba. Kumficha Baba ni kumwacha Nestori aondoke na jina nililompa mimi, na Getrude abaki hivi.

Leo baada ya misa nimemwambia Baba. Nilimpeleka kwenye pikapu, nikamshikisha spana, nikamwonyesha kwa mikono yake mwenyewe. Akaiweka spana chini. Kisha akasema:

"Kwa hiyo nilikuwa nawaombea huku nawafungulia."

Nimemwambia aliyegeuza gari ni mimi, na aliyemfukuza aliyekuwa anatulinda ni mimi. Amesema hayo ni yangu na nitayasema mwenyewe kwenye jumuiya, naye yake atayasema mwenyewe. Anataka kwanza aende kwa Doto, halafu Katumba kabla ya Ijumaa. Anasema mzee haendi kuomba radhi kwa mkwe akiwa peke yake, lazima awe na mwanawe wa kwanza. Njoo, kaka. Acha mizinga. Getrude bado hajui, nimeogopa kumpa tumaini ambalo huenda Nestori akalikataa, na akilikataa siwezi kumlaumu.

Nisalimie sana wifi na watoto. Fredrick anakusalimu, hajacheka leo kutwa. Baba naye anakusalimu. Amekaa hapa barazani, mikono ameibana kwapani, tangu mchana hataki kushika kitu chochote. Hata kikombe cha chai nimemnywesha mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Dina