Mbio za Sigino na Nyuzi za DNA

Jumanne, kabla giza halijaingia

Na kwa nini nililisoma lile jarida mbele ya darasa kabla sijalipitia mwenyewe! Vitabu vya baiolojia hakuna, basi nikachukua jarida la zamani alilotuachia padri, nikawa nawasomea Kidato cha Nne huku nikitafsiri. Linasema mbio ndefu za kuchosha huenda zikadhuru DNA, zile nyuzi zilizo ndani ya seli. Nikalifunga katikati ya sentensi.

Mimi nilikimbia. Kila alfajiri, kutoka kwetu Bagara hadi kijiji cha Sigino na kurudi, nimevaa katambuga za tairi, nikijiandaa kwa mashindano ya mkoa. Nilikimbia hata ile miezi miwili ambayo sikujua kuwa nina mimba ya Neema. Alizaliwa dhaifu. Tulimzika ana miezi mitatu.

Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, zikidhurika ndiyo basi?"

"Hapana. Seli huzirekebisha, na mwili uliozoea mazoezi huzirekebisha vizuri zaidi."

"Zote, Mwalimu?"

Niligeuka nikafuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Jarida halisemi lolote kuhusu mtoto aliye tumboni. Najua. Nimelisoma mara nne tangu nirudi nyumbani, nikitafuta sentensi ya kunihukumu au kuniachilia. Haimo.

Mke wa jirani amepita sasa hivi na ndoo yake. "Shikamoo, Mama Neema."

Miaka sita tangu tumzike, sina mtoto mwingine, na bado kwa jina hilo naitika marahaba.