Kanali Anajua Neno

Jumatatu, 7 Julai

Kanali amefika! Mbwa wa mwaka mmoja na nusu, masikio yamesimama kama askari mbele ya boss. Yule daktari wa mtaa wa Elgon View ambaye mimi humtengenezea pampu ya maji anahama nchi. Akaniambia mzee, wengi wamemtaka huyu mbwa, lakini wewe ndiye nakuamini. Sio kila mtu anaambiwa hivyo.

Atalala ndani, hiyo nimeamua. Mwezi wa tano wezi walimtupia mbwa wetu wa nje nyama, wakabeba TV tukiwa tumelala.

Jumanne, 8 Julai

Amekojoa sebuleni. Mara moja tu. Ni ugeni.

Jumatano, 9 Julai

Mara nne. Na ile kubwa, mbele ya friji.

Wahu, mke wangu, hakupiga kelele – na hapo ndipo nilijua ni mbaya. Alimwaga dawa ya Jik, akapiga deki, akaongea akiwa amenipa mgongo. Wiki mbili. Nyumba ikiwa bado inanuka, ndugu yake Wachira anakuja na pickup kumchukua Kanali. Huko kwake Moi's Bridge atafungwa mnyororo kwa stoo ya mahindi, mchana na usiku. Mbwa wa akili kama huyu, mnyororo!

Ijumaa, 11 Julai

Nimegundua. Saa nzima nimesimama naye kwa nyasi, mvua inatunyeshea. Ananiangalia tu. Tukaingia ndani, hatua tatu kwa sakafu – chwaaa.

Nikakaa chini nikafikiria. Banda lake kule kwa daktari lilikuwa na sakafu ya simiti, nimeliona kwa macho yangu. Tangu akiwa mtoto, choo kwake ni simiti! Nyasi haijui. Sasa anaingia kwetu anapata sakafu nzima ya simiti, anafikiri tumemjengea.

Lynette, binti ya dada yangu, anakaa kwetu akisoma college. Anasema hiyo maneno ya simiti aliitoa kwa simu yake jana akanisomea. Mimi sikumbuki.

Jumamosi, 12 Julai

Kuna simiti nyuma ya nyumba, pale kwa bomba. Akiamka, hapo. Akikula, hapo. Na lazima apewe neno. Mnyama bila neno ni kama gari bila usukani. Nikiwa kijana Nakuru nilimfundisha punda wa Mzee Ouma kupeleka maji peke yake, anasimama kwa kila geti ya kastoma, na mwenye hajalipa anampita. Watu walikuwa wanakuja kutoka Gilgil kuona.

Lynette anasema Kanali alilelewa kwa Kizungu, nimpe neno la Kizungu. Mimi niliachia darasa la saba lakini Kizungu ninayo, na ya adabu. Akianza tu kukojoa namwambia taratibu lile la haja ndogo: short call. Akimaliza, kipande cha matumbo.

Jumanne, 15 Julai

Kosa moja, karibu na mlango. Hilo ni langu, nilikuwa kwa simu. Nimeosha na siki badala ya Jik. Harufu ya zamani ndiyo humwita tena pale pale.

Alhamisi, 17 Julai

Anaelewa! Leo nimesema neno kabla hajaanza. Akaniangalia, akaangalia simiti, akainua mguu. Nikamwita jirani yetu Mungai aje aone. Kanali akarudia. Mara ya pili ilikuwa matone matatu tu, hakuwa na kitu, lakini alitii. Mungai amesema hata watoto wake hawamsikii hivyo. Nilimpa Kanali kipande kingine cha matumbo.

Jumamosi, 19 Julai

Sakafu kavu siku ya nne. Wahu amempa mfupa akidhani sioni.

Jumapili, 20 Julai

Lo.

Akina mama wa fellowship ya kanisa walikuwa kwetu, tisa, ilikuwa zamu ya Wahu kuwakaribisha. Kanali amelala kando ya kiti, mpole, kila mtu anamsifu. Mimi nikawaeleza kidogo kuhusu mafunzo. Nilikuwa hata sijafika mahali pazuri. Mama Mildred, mwenyekiti wao, akainuka na heshima zake, akamwinamia Wahu.

"Mama, naomba niende short call kidogo."

Kanali akaamka. Akaniangalia. Akaangalia sakafu. Akainua mguu juu ya handbag ya Mama Mildred, Biblia ikiwa ndani, akatoa yote ya tangu asubuhi.

Na mimi – Mungu anisamehe – maneno ya kwanza yalinitoka ni, "Good boy."

Jumatatu, 21 Julai

Wachira ameshapigiwa simu. Anakuja Jumatano.

Nimejaribu kumwelewesha Wahu. Mbwa hakukosa! Kwa ile sebule nzima ni yeye peke yake alifanya kitu ile alisikia.

"Baba Ciku, mwenyekiti wangu alienda nyumbani amebeba Biblia kwa taulo yangu," amesema. "Wewe endelea kuongea."



Jumatano, 23 Julai

Nimemwosha Kanali, nimemchana manyoya. Kama ni kuenda, aende akionekana vile alivyo. Chai imenishinda.

Naandika nikiwa jikoni, dirisha liko wazi. Wahu ametoka na Kanali. Nilifikiri anachukua sahani yake, ampakie. Lakini wamesimama kwa bomba, na mfuko wa aproni yake umelowa – ni matumbo hayo. Anamwambia kitu, pole pole. Sio neno langu. Nimesikiza tena. Ni lile la Kikuyu, lile mama humwambia mtoto mdogo akimchuchumalisha nyuma ya nyumba. Sitaliandika hapa. Hakuna mwenyekiti atawahi kulitamka kwa sebule ya mtu mpaka dunia iishe. Mimi sikulifikiria. Huyo ni mke wangu!

Kanali haelewi. Anamwangalia. Wahu anarudia, ameinama, mikono kwa magoti.

Pickup iko getini. Wachira amepiga honi mara mbili. Wahu hajageuka. Lynette amekuja kuniuliza, "Ankol, nifungue?"

Nimemwambia angoje kwanza. Kanali ameanza kunusa simiti –