Koti la Mwenyekiti

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Mimi mzima, ila nina hasira. Semina ya matumbawe wameileta huku Mgeta, milimani, ambako bahari watu wanaiona kwenye kalenda! Ukungu kutwa, na baridi inauma hadi kwenye meno. Mwenyekiti wetu kanunua koti la mtumba pale Morogoro mjini na halivui hata akiwa mezani.

Leo nimewaonyesha hesabu zangu: maji yakipata moto wiki chache tu, ugonjwa wa matumbawe unasambaa mwamba hadi mwamba kama surua darasani. Mwenyekiti akasema, "Binti, hizo wiki zako zitatukimbizia wawekezaji wa hoteli. Weka wastani wa joto la mwaka mzima." Nikaweka. Ugonjwa wote ukapotea kwenye karatasi!

Nikamwambia, "Mzee, wastani wa joto la Mgeta kwa mwaka si mbaya. Basi vua koti."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye akafunga vifungo hadi shingoni, akapitisha wastani wake, na ile hoteli ya pale kwenye mwamba wetu ikapata baraka.

Nitakuletea njegere za huku. Wabusu wanao, waambie mama yao mdogo amewakumbuka. Na Machi ukienda kuchokoa pweza, maji yakakubabua miguu, ujue kuna mtu alikaa ndani ya koti akaandika kwamba hayana moto.

Mdogo wako,
Rehema