Sauti Uliyoiitikia Sokoni Myanga

Kitale,
Jumatatu asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mayi. Mulembe sana. Umeamkaje? Mguu wa kushoto bado unakusumbua asubuhi? Ile dawa ya presha unaimeza, au mdogo wangu Naliaka ameachiwa kazi ya kukubembeleza kama mtoto? Mimi huku ni mzima wa mwili. Mvua imekolea, matope ni mengi, na mahindi ya watu yamefika magotini. Roho yangu ndiyo mgonjwa, sitakudanganya. Ni mgonjwa tangu siku ile ya soko.

Najua umeshangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika? Lakini simu hupokei, na Naliaka akikuwekea sikioni unageuza uso. Jana nilikuja mpaka nyumbani, na najua unajua. Nilisimama langoni nikapiga hodi, nikaita "Mama," na kupitia ua nikakuona ukijifunika leso kichwani na kumshika Naliaka mkono asijibu. Nilidhani ni hasira. Naliaka akanifuata barabarani akaniambia, "Si hasira, Wekesa. Anaogopa sauti yako. Ati imekuwa ya marehemu Papa kabisa." Nikarudi Kitale bila kunywa hata maji ya kwetu. Basi nimeona niandike, kwa sababu karatasi haina sauti. Hii inaletwa na jirani yenu fundi wa cherehani, aliyekuja huku kununua vitambaa. Nakuomba uvae miwani uisome mpaka mwisho.

Nisikuzungushe. Aliyekuita sokoni si Papa. Ni mimi.

Naliaka ameniambia yote. Kwamba unakunywa chai tupu asubuhi na jioni. Kwamba umekunja nguo zako ukazipanga mafungu matatu, umesema ng'ombe abaki kwa nani, na ukiulizwa unajibu, "Nimeitika. Mtu akiitika ameitika." Nayajua maneno hayo yanakotoka. Nyanya yetu Kukhu alitufundisha tukiwa tunapukuchua mahindi, na wewe ulikuwepo unapepeta: ukisikia unaitwa na mtu aliyezikwa, nyamaza, maana ukiitika umekubali kumfuata. Kanisani wanasema hayo ni ya zamani, na wewe ni mwenyekiti wa akina mama, lakini yale ya Kukhu yalitangulia kuingia. Hata mimi nikisikia jina langu nikiwa peke yangu, hukaa kimya kwanza. Siwezi kukucheka. Naogopa, Mayi. Naogopa utajifanyia safari ambayo hakuna aliyekutuma.

Kwa hiyo acha nikueleze jinsi ile sauti ilivyotengenezwa, kila hatua.

Kazi yangu unaijua juujuu. "Anaongea kwa video," ndivyo unavyowaambia akina mama wenzako, ukipunguza sauti kidogo. Ndivyo ilivyo. Filamu inatoka ng'ambo na Kiingereza chake, mimi najifungia katika chumba nilichopigilia magodoro ukutani, nashika maikrofoni na kuwasemea wote: bwana, bibi, polisi, hata mbwa. Nawapa majina ya huku kwetu ili watu wacheke. Kisha inaonyeshwa katika kibanda cha video pale sokoni Kitale, na wenye maduka wanakuja kuinakili kwenye flashi zao.

Unakumbuka ile hadithi ya mnyonya damu tuliyokuwa tukiitazama Jumamosi katika runinga ya betri? Jumba la mawe, ukungu, mishumaa, popo, na yule mzee wa meno marefu anayetoka kwenye jeneza jua likizama, kumbe akiona tone la damu anazimia. Papa alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Huyu si shetani," alisema. "Huyu ni mtu alikosa bibi ya kumwambia ukweri." Wewe ulikuwa jikoni ukitugombeza tuzime hicho kitu kisituletee mikosi. Sasa vile vipindi vimefanywa filamu moja, ya saa mbili nzima, na ikanifikia mimi.

Nilianza kwa kumpa yule mzee sauti nene ya kutisha, kama kawaida. Haikuchekesha hata kidogo. Kisha akatoka kwenye jeneza, akapangusa koti vumbi, akatazama nyumba yake na uso umekunjamana, akaona mlango wa mbele uko wazi. Hapo nikakumbuka jinsi Papa alivyoingia jioni akitoka shambani, na kabla sijafikiri nikasema kwa sauti yake: "Mama Wekesa! We, Mama Wekesa! Nani ameacha mrango wazi?"

Nikazima mashine, nikalia. Ndiyo mara ya kwanza niliyolia tangu tumzike. Unakumbuka siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipoketi uani kufarijiwa na yule mzee msemaji, nikaitwa kama kifungua mimba niseme neno juu ya baba yangu. Nilisimama, nikatazama viatu vyangu, nikaketi. Watu walisema Kitale imenifanya jiwe. Nilirudi huku wiki ileile, na tangu hapo nimekutumia visingizio vya kazi mwaka mzima. Ukweli ni kwamba niliogopa kuingia nyumbani nisisikie mtu akiuliza habari ya mlango. Na nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake. Picha tunazo, ile ya harusi na ile ya kitambulisho, lakini sauti hatukuiweka mahali popote. Ikawa imenirudia kooni mwangu, na sikutaka kuiacha. Filamu nzima nikaisema hivyo, na yule mke wa mnyonya damu nikambandika jina lako. Nilikaa saa mbili na baba yangu. Kwako sikufikiria hata kidogo, na hilo ndilo kosa langu.

Watu waliipenda, Mayi. Kila mmoja na maoni yake. Vijana wa bodaboda walikijaza kibanda alasiri nne mfululizo. Mmoja alinishika bega akaniambia, "Bana, huyo buda umemtoa wapi? Rudia hapo kwa mlango, nife tu." Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akifuatilia vipindi vya zamani, hakuridhika. Alisema runinga ilikupa wiki nzima ya kuogopa polepole, lakini filamu hii inakimbia kama mtu aliyeshikwa na haja. Alisema pia jumba la zamani lilikuwa na kiza cha haki, hili limepakwa rangi mno. Mama mmoja anayeleta kabichi kutoka Kachibora aliangalia nusu, akatoka na kikapu chake. Nikamuuliza, mama, si ya kuchekesha? Akasema, "Inachekesha. Lakini mimi nimeona mzee wangu hapo, na yeye hajatoka kwa sanduku."

Na kulikuwa na mzee kutoka upande wa Kwanza, mkulima, kofia mkononi. Aliketi mpaka mwisho bila kucheka. Akaja kwangu akaniuliza, "Kijana, hiyo sauti ni ya nani?" Nikamwambia ni ya marehemu baba. Akasema, "Na hiyo jina unaita, mwenyewe yuko hai?" Nikasema yuko hai, ni mama. Akatikisa kichwa. "Si mzuri. Maiti haitumwi kuita mtu." Nami nikafanya nini? Nikamsimulia mwenye kibanda tukacheka, tukasema wazee wa Kwanza wana mambo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wewe mwenyewe ulinichapa mara ngapi kwa methali hiyo.

Filamu ikasafiri flashi kwa flashi, ikavuka mpaka Bungoma, ikafika lile duka la kuchaji simu hapo Myanga. Sikuwa nimewaza kwamba ingefika. Naliaka anasema ulikuwa unachagua maharagwe. Spika ikaita, "Mama Wekesa! We, Mama Wekesa!" Ukanyooka, ukaitika kwa nguvu, "Niko hapa, Baba Wekesa, nakuja!" Ukaweka beseni chini ukaanza kwenda. Watu wakakupisha. Ukafika mlangoni pa duka ukamwona kwenye kioo cha runinga mzungu mweupe kama unga, meno nje, anatoka kwenye jeneza akiongea kama mume wako. Na watu waliokuwa wakicheka filamu wakakucheka wewe.

Hapo ndipo kalamu inaniwia nzito. Mwaka mzima umekaa na nyumba kimya, na alipokuita hukusita hata kidogo. Uliacha maharagwe ukaenda. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hii inaniamsha na kunilaza.

Nimeifuta kwenye mashine yangu. Nimezunguka maduka ya Kitale nikiwaomba waifute, wengine wamekubali, wengine wamenicheka. Iliyo kwenye simu za watu siwezi kuirudisha. Huenda ukaisikia tena barabarani, na ukiisikia, jua ni mwanao na upumbavu wake.

Kama bado huniamini, pima jambo hili kwa kipimo cha Kukhu mwenyewe. Papa alikuita "Mama Wekesa" mbele za watu, mbele yetu, mbele ya wageni. Mkiwa wawili alikuita jina lako la usichana. Tulilisikia kupitia ukuta, mimi na Naliaka, na tukajifunika blanketi tukicheka. Hatukuwahi kulitamka, na hata hapa siliandiki. Sasa, angekuwa ni yeye amekuja kukuchukua, angekuita kwa jina la sokoni? Mtu anayemfuata mke wake angemwita kwa lile jina lao wawili. Sauti iliyokuita haikulitaja, kwa sababu mwenye sauti ni mtoto, na mtoto hathubutu kulitamka.

Naliaka mwambie asante kwa kunifuata barabarani, na akupikie uji wa wimbi hata ukikataa. Msalimie Khocha, ndugu yako mwenye ng'ombe wa maziwa, umwambie nimesikia matusi yake na yote ni ya haki. Msalimie Senge, dada yake Papa, aliyenifunga mkono siku nilipoanguka kutoka kwenye mpera. Msalimie mchungaji wenu, na kama hujamweleza, mweleze. Hatakucheka.

Tena rudisha zile nguo kabatini, Mayi. Na umeze dawa ukishaweka barua hii chini.

Jumamosi nitakuja tena, mchana kweupe. Nitasimama langoni na mdomo nimeufunga. Sitapiga hodi, sitakohoa, sitasema hata neno moja la kukutisha. Nitangoja, hata ikiwa ni mpaka jioni, hata mvua ikininyeshea. Ukiwa tayari, toka mlangoni uniite wewe. Mimi nitaitika, Mayi, na nitakufuata mpaka ndani.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,

Wekesa