Gari la Mjomba Lenye Akili

Mwenzangu, uko hapo? Mwanangu kafungiwa ndani ya gari jipya la mjomba! Katoka mzima, usiogope. Lakini sikia.

Unamjua mjomba na sifa zake. Gari halina ufunguo, eti ufunguo ni simu yake. "Mwizi ataota mvi hapa mlangoni!" Akamweka mtoto kwenye kiti cha dereva achezee usukani, akashuka, akafunga mlango ili atuonyeshe maajabu.

Simu ikaisha chaji mkononi mwake. Gari likadhani mwenyewe kaondoka. Likajifunga!

Jua la saa saba, vioo vyote juu, mtoto analia. Nikaokota jiwe. Mjomba akanidaka mkono: "Usivunje! Gari lina akili, litajua kuna mtu ndani."

Litajua! Mwanangu anatiririka jasho, gari linafikiri.

Nikamwambia, "Mjomba, niachie, au nianze na wewe." Nikapiga. Jiwe likarudi! Kioo nacho ni cha kumzuia mwizi.

Basi nikachuchumaa, nikaituliza sauti. "Baba, vuta hapo, kama kabati la sukari." Jana tu nimemchapa kwa kulifungua kabati hilo. Akaacha kulia, akashika kishikio, akavuta. Mlango huo, wazi! Kumbe kwa ndani hauulizi simu.

Mimi nalia na mwanangu kifuani, mjomba anapapasa kioo aone kama kimekwaruzwa. Halafu anasema, "Umeona? Nilikwambia gari hili hata mtoto mdogo analiweza."

Hata mtoto mdogo!

Tumerudi kwa miguu. Kabati la sukari nimeliacha wazi, leo ale atakavyo.