Foleni Yetu Ilikuwa Ndefu

Mwende, mvivu wa kupiga simu,

Hapa Mansfield tu wazima. Mama yako anashinda kazini hospitalini, mimi nashinda na friji yake.

Kumbe alinichongea kwako kwamba nililia mgombea wetu aliposhindwa kiti cha hapa katika bunge la Texas! Sikumlilia yeye na meno yake ya mabango. Nilimlilia kaka yangu Kioko.

Ujanani kule nyumbani tulipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Kioko alisimama na homa. Foleni yetu ilizunguka shule, lakini msimamizi akatangaza ile fupi imeshinda.

“Mzee, hata mimi mrefu hivi hukuniona?” Kioko akauliza.

Watu walicheka. Yeye hakupiga kura tena mpaka tukamzika.

Hapa nimeshindwa, lakini nilihesabiwa. Kioko hakuonja hata kushindwa kwa namna hiyo.

Babu yako